Gundi ya Muhogo Kwenye Bahasha Yako

Feza mwanangu,

Umekwenda Kafutuma kumuaga bibi yako, na mama yako yuko ziwani anafua, kwa hiyo nyumba nimeachiwa mimi mpaka jua lianze kushuka. Nimekaa nyuma ya jiko kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, daftari juu ya goti. Mambo ya blanketi, ya chandarua na ya basi lako la kesho la Mansa mama yako ameshakuambia mara tatu, sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizungukia kwa miezi saba nikijidanganya kwamba natafuta siku nzuri ya kulisema. Siku nzuri haikuja. Imebaki hii.

Bahasha yako niliifungua mimi.

Nimeandika sentensi hiyo, nikainuka, nikaenda kuangalia kuku ambao hawakuhitaji kuangaliwa, nikarudi. Bado iko hapo. Sasa nitaandika yote, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikikata maneno nitapata mahali pa kujificha, na najijua.

Siku uliporudi kutoka Lubumbashi, boti ya Kilwa, ile ya upande wa Congo, ilikushusha hapa Kabuta alasiri, sanduku kichwani, na mama yako akaingia majini na viatu vyake kukupokea. Ulikuwa umemaliza chuo cha ualimu, miaka mitatu, na kabla ya hapo miaka yote ya sekondari ukikaa kwa shangazi yako Odette. Tulipomaliza kula ulitoa kitenge katikati ya nguo zako, ukakikunjua juu ya meza, na ndani yake kulikuwa na bahasha ya kaki. Maksi zako zote za chuo zilikuwa humo. Mhuri ulikuwa umepigwa nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye bahasha yenyewe, ili mtu akiifungua ijulikane. Ukanieleza taratibu, kama mwalimu: ofisi ya vyeti ya Lusaka haipokei maksi za nchi nyingine kama bahasha imeguswa. Wakiipokea, watakupa karatasi ya kuitambua diploma yako. Kwa karatasi hiyo utaandikishwa mwalimu, na serikali ikitangaza kazi utaomba kama wenzako waliosoma hapa. Kitambulisho cha kijani cha Zambia unacho, kwa upande wa mama yako, binti wa Kabuta. Kilichokosekana kilikuwa hicho tu kilichokuwa juu ya meza.

"Papa, hii mutu asiguse," ulisema. "Maisha yangu yote iko mule."

Nilikujibu kwamba hakuna atakayeigusa.

Unajua kwamba mimi pia nilikuwa mwalimu, lakini hiyo hadithi nimekuwa nikikusimulia upande mmoja. Tulipovuka ziwa kutoka Congo, mimi na wenzangu, tukikimbia vita, diploma yangu nilikuwa nimeifunga kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Hapa Kabuta watoto walikuwa wengi na walimu hakuna, wazee wakajenga shule ya jamii kwa matete, wakaniomba nifundishe. Nilifundisha miaka tisa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza na Kibemba changu kibaya zaidi, watoto wakinisahihisha, nami nikiwashukuru. Ramani ya Afrika niliichora mwenyewe, nikaibandika ukutani kwa uji mzito wa unga wa muhogo, maana gundi ya dukani hatukuwa nayo. Vitabu vilivyochanika nilivibandika kwa uji huohuo. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo.

Kisha serikali ikaichukua shule, ikaleta walimu wenye vyeti vyake, na mimi nikaambiwa nipeleke vyangu Lusaka vitambuliwe. Nikaenda. Mama mmoja wa kaunta, mpole kabisa, aliniambia shule iliyonipa diploma iandike yenyewe kuthibitisha. Nikamweleza kwamba shule hiyo ilichomwa moto pamoja na madaftari yake yote. Alisema pole, tena kwa moyo, halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maneno. Nilipofika sikumwambia mtu yeyote kwamba nimekataliwa. Nilisema makaratasi yanashughulikiwa. Wewe ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na kila Ijumaa uliniuliza kama barua imefika, nami nakujibu bado. Nikapata baiskeli, nikaanza kupeleka chisense bara, vile visamaki vyetu vidogo vya kukausha, nikisema ni kazi ya kupitisha muda tu. Nilisema "bado" mpaka ukaacha kuuliza. Watu wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, hawakudanganyika hata siku moja. Waliendelea kuniita Bakafundisha, yaani mwalimu, wengine kwa heshima na wengine kwa kunichokoza, na mimi niliitikia wote sawa.

Ulipofika miaka kumi na mitatu nikakupeleka kwa shangazi yako ng'ambo. Mama yako alitaka usome hapa, kwa kuwa hapa ndipo utakapotafuta kazi. Alisema kweli. Mimi nikatoa hotuba ndefu juu ya Kifaransa, na juu ya walimu wazuri wa Lubumbashi. Sababu hasa ilikuwa nyingine. Nilitaka nchi hii ipokee diploma ya kwetu hata kama si yangu, nipite mbele ya kaunta ile kwa miguu yako. Na sikukuambia jinsi njia hiyo ilivyokuwa ngumu, ingawa nilikuwa nimeshaipita na kurudishwa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hawezi kuuliza jambo alilofichwa.

Sasa narudi kwenye bahasha.

Siku tatu za kwanza baada ya wewe kurudi, pale mwaloni niliwachosha watu kwa habari zako. Siku ya nne tulikuwa tunapakia samaki, na Ba Chola alikuwepo. Unamjua, yule mzee wa kucheka mpaka akohoe, ambaye ananunua samaki kwa Wakongomani tangu hujazaliwa, na ambaye hutania hata msibani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiswahili chake cha biashara:

"Bakafundisha, badiplome ya Congo banauzishaka ku soko pamoja na bitenge. Ya binti yako mulichagua rangi gani?"

Watu walicheka. Ningeweza kucheka nami, nikamrudishia utani juu ya mtumbwi wake unaovuja, na siku ingekwisha hivyo. Lakini zile "bado" zote za miaka zilinirudia kwa mara moja. Niliona lazima nimwonyeshe, yeye na wote waliocheka, tena kwa karatasi.

Wewe na mama yako mlikuwa mmekwenda Nchelenge, bomani, kupiga picha za fomu. Nililifungua sanduku lako, nikakikunjua kitenge. Nikachemsha maji, nikaishika bahasha juu ya mvuke mpaka kifuniko kikaachia bila kuchanika. Ningefurahi leo kukuambia kwamba nilisita, lakini nilifanya kazi ile kwa ustadi, kwa ule ule utulivu wa siku za ramani. Nikasoma maksi zako nimesimama. Pedagojia, kumi na saba juu ya ishirini. Mazoezi ya kufundisha, kumi na nane. Nililia, Feza. Hata furaha ile ilikuwa ya wizi, kwa sababu siku moja ungenisomea mwenyewe, nikiwa nimekaa kama baba wa mtu.

Nikaendesha baiskeli mpaka kwenye duka la fotokopi la njia panda, wakanitolea nakala moja wakaifunika plastiki. Nikarudi, nikapika uji wa muhogo kwenye kile kisufuria kidogo cha mpini mweusi, nikabandika, nikapitisha chupa ya maji ya moto juu yake ikalala vizuri. Nikairudisha ndani ya kitenge. Mlipofika nikawauliza kama picha zimetoka nzuri.

Nakala niliipeleka mwaloni kesho yake. Ilikuwa ya Kifaransa, hakuna hata mmoja aliyeweza kuisoma. Ikabidi niwasomee mwenyewe nikitafsiri, nimesimama kati ya vikapu, mizani ikiendelea kupanda na kushuka. Ba Chola aliichukua, akaigeuza huku na huku, akasema mhuri wake ni mzuri. Hicho ndicho nilichokipata kwa maisha yako yote: mzee mmoja kuusifu mhuri.

Juma lililofuata ulipanda basi la Lusaka, na uliporudi ulikaa hapahapa nilipokaa sasa. Mama yako alikuwa anachekecha unga. Ulitusimulia kwamba mama mmoja wa kaunta aliigeuza bahasha mara mbili, akaipeleka dirishani kwenye mwangaza, akamwita mwenzake. Nusu mbili za mhuri hazikukutana sawasawa. Na pembeni palikuwa na ungaunga mweupe.

"Ule mama alinusa anvelopu," ulisema. "Anasema inanuka muhogo. Akaniuliza nani aliifungua. Minajibu hakuna mutu. Akaniangalia sawa vile mwizi."

Waliandika kwenye fomu yako kwamba makaratasi hayaaminiki, na kwamba chuo kitume mengine chenyewe, moja kwa moja, yasipitie mkononi mwa mtu. Mama yako aliacha kuchekecha. Hakunitazama mimi, alikitazama kisufuria kilichoning'inia ukutani. Wewe hukuona, ulikuwa umejifunika uso kwa mikono. Ulipoufunua ukasema ni yule katibu wa chuo tu, lazima aliibandika huku anakula bukari, ugali wa muhogo, ofisini. Na mimi nikakuunga mkono. Nilisema makaratasi ya Congo ndivyo yalivyo. Maneno yaleyale yaliyonikasirisha kwa Ba Chola niliyasema mimi, mbele yako, kwa sauti ya kukufariji.

Siku hiyohiyo ulimpigia simu katibu ukamwambia maneno mazito. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Sauti yake niliisikia ikitoka kwenye simu, akisema bahasha iliondoka mezani pake ikiwa safi, na kwamba mwanafunzi anayemtukana asitegemee kutengenezewa nyingine. Katibu huyo alikuwa anasema kweli tupu, na alikuwa anatukanwa kwa ajili yangu. Ningeweza kunyoosha mkono nikaichukua simu. Nilikwenda kuangalia baiskeli.

Tangazo la kazi likatoka, wenzako wakaomba, siku za kuomba zikaisha. Wewe ulikuwa hapa ukianika chisense na diploma yako ikiwa ndani ya sanduku. Kisha ukaniuliza mimi ufanye nini. Nikakushauri uachane na karatasi za Lubumbashi, uanze upya chuo cha Mansa, mwaka wa kwanza, miaka mitatu tena, utoke na cheti cha hapa ambacho hakuna wa kukihoji. Nilisema kama mtu aliyefikiri sana. Ukasema sawa, Papa. Ulisema sawa kwa sababu uliniamini. Nilikuwa tayari kukutoa miaka mitatu ya ujana wako ili nisiseme sentensi moja ya maneno manne, ile niliyoiandika pale juu.

Wala usidhani leo nimepata ujasiri. Juzi, ulipokuwa kisimani, mama yako alikishusha kisufuria kile, akakiweka mezani mbele yangu kikiwa kitupu. Miezi saba hakuwa amesema neno.

"Utamuambia weye," alisema, "ao miye nitamuambia ku basi, mbele ya batu bote."

Ndiyo maana naandika. Ningependa uamini kwamba ningeandika hata bila hivyo. Mimi mwenyewe siamini. Mama yako naye ana yake ya kukuambia kuhusu kunyamaza kwake, lakini mtendee kwa upole, kwa maana alikuwa anangoja mume wake afanye kitu cha heshima, na amengoja sana.

Leo asubuhi nilikwenda mwaloni na ile nakala ya plastiki. Nilisimama palepale nilipoisoma, nikawaambia nilivyofanya, kwa Kibemba ili asibaki asiyeelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vicheko, ningevipokea. Hakuna aliyecheka. Wachuuzi waliinamia vikapu vyao. Ba Chola alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Bakafundisha," alisema, "ile siku nilikuwa nachekesha tu."

Nilimjibu kwamba nilijua. Nilijua siku ileile.

Sina mafundisho mengi ya kukufungia. Ninachokijua ni kwamba aibu yangu ya kwanza, ile ya kaunta, ilikuwa ndogo. Kama ningeingia nyumbani nikasema wamenikataa, mama yako angenipikia, wewe ungenirukia mgongoni, na baada ya mwezi mmoja ingekuwa habari ya zamani. Nikaificha, na tangu hapo karibu kila nilichofanya kilikuwa cha kuilinda, mpaka nikakulipisha wewe. Utasimama mbele ya kaunta nyingi, na baadhi zitakurudisha. Siku hiyo njoo utuambie jioni hiyohiyo, hata kama umekosea wewe. Ninaogopa sana kwamba umejifunza kwangu kusema "bado".

Sasa nisikilize vizuri. Diploma yako haijakataliwa na mtu. Kilichokataliwa ni bahasha. Chuo kikituma maksi nyingine chenyewe, safari yako inaendelea pale ilipokwamishwa, na tangazo lingine la kazi litakukuta tayari. Kesho asubuhi kuna basi la Mansa, na saa hizohizo kuna boti ya Kilwa, njia ya kurudi chuoni kwako Lubumbashi. Sitakuambia upande upi. Nimeshakushauri mara moja, na umeona ushauri wangu ulitoka wapi. Lakini hata ukichagua Mansa, jina lako bado lina lile neno baya kwenye fomu ya Lusaka, na siku ukiomba kazi wataliona. Hilo siwezi kuliacha likufuate.

Kwa hiyo chini ya mto wako utakuta bahasha mbili pamoja na barua hii. Moja ni ya katibu wa chuo, kwa Kifaransa. Nimemwomba msamaha kwa matusi aliyoyapata, nikamwambia wewe ulisema hivyo kwa kuwa mimi nilikuacha useme. Nyingine ni ya ofisi ya Lusaka, kwa Kiingereza. Hiyo imenila siku nzima ya jana na kamusi yako. Nimeeleza mvuke, uji wa muhogo na chupa ya maji ya moto, na nimeandika kwamba wewe hukujua lolote. Nimetia sahihi, jina langu kamili na namba ya kitambulisho changu cha ukimbizi, ili wakitaka kuniita wajue pa kunipata. Mama yako aliniuliza kama siogopi. Naogopa. Nimeiandika hivyohivyo.

Bahasha zote mbili sijazibandika. Zisome kwanza. Kiingereza changu kisahihishe bila huruma, watoto wa Kabuta walinizoesha. Pembeni nimekuwekea gundi ya dukani, mpya, haijafunguliwa. Ukiona maneno yanatosha, zifunge wewe kwa mkono wako, na usinipe nikushikie hata kwa dakika moja.

Namsikia mama yako anarudi na beseni lake, na jua limeshafika kwenye ukingo wa paa. Wewe pia hutakawia. Ukimaliza kusoma, njoo huku nyuma ya jiko useme lolote ulilo nalo, au usiseme kitu, unitazame tu kama yule mama wa Lusaka alivyokutazama wewe. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki. Sitainuka kwenda kuangalia kuku, wala baiskeli.

Papa wako